Misikoli kutoka nchi usiyoijua: mwongozo kamili wa kulinda salio lako

Kwa mtu aliyekulia na kubipu, misikoli ni ujumbe kamili. Mtoto yuko bweni na vocha imemwishia, fundi amefika getini, shangazi kijijini ana neno: simu inaita mara moja, inakatika, na wewe mwenye salio unajua ni zamu yako kupiga. Kunyamaza ni kama kumpita mtu njiani bila salamu. Ndiyo maana matapeli wa simu za kimataifa hawakuhitaji kubuni kitu kipya ili kutunasa sisi wa Afrika Mashariki. Wanabipu tu.

Utapeli huu unajulikana duniani kwa jina la Kijapani, wangiri, kwa kuwa ulishamiri Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kabla ya kusambaa. Mei 2019 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwaonya wananchi wake juu ya simu za mlio mmoja zilizokuwa zikimiminika usiku wa manane, nyingi zikionyesha msimbo 222 wa Mauritania. Mbinu ni ileile kila mahali: unaamka, unakuta namba ngeni, wasiwasi unakushika, unapiga. Dakika mbili baadaye salio limekwisha.

Nimeandika hasa kwa ajili ya wasomaji wa Tanzania na Kenya, lakini wenye laini za mkataba, zile za kulipia bili baada ya matumizi, huko Ghuba na Ulaya wana sehemu yao humu, kwa sababu hasara yao inaweza kuwa kubwa zaidi.

Pesa inatoka wapi

Elewa hili kwanza, maana ukilielewa hutahitaji kukariri orodha yoyote ya namba.

Unapopiga simu nje ya nchi, mtandao wako haubaki na pesa yote. Unailipa kampuni ya kuvusha simu, na hiyo inailipa kampuni ya upande wa pili inayoifikisha. Ada hiyo ya kufikisha hutofautiana sana. Kupiga namba za baadhi ya visiwa vidogo au simu za satelaiti ni ghali mno. Basi wapo wafanyabiashara wanaokodisha safu za namba za huko na kugawana ada na yeyote atakayeleta wapigaji. Tapeli anakuwa mleta wapigaji. Kila dakika unayobaki hewani, sehemu ya pesa yako inamfikia.

Gharama yake kubwa ilipaswa kuwa kuwapata watu wa kupiga, na hapo ndipo kubipu kunapomfaa: simu isiyopokelewa hailipiwi. Kompyuta moja inaweza kubipu maelfu ya namba kwa mfululizo karibu bure, ikionyesha kama mpigaji ile namba aliyoikodi. Hakuna aliyekuchagua, wala hakuna anayejua jina lako. Namba yako imefikiwa kwa zamu tu, pengine baada ya ile inayotofautiana nayo kwa tarakimu moja.

Ndiyo sababu unakutana na namba za mahali pasipo na mtu wa kukujua. Kisiwa cha Ascension, msimbo +247, kiko katikati ya Atlantiki na wakazi wake hawafiki elfu moja. Nauru, +674, ni kisiwa cha Pasifiki kidogo kuliko wilaya zetu nyingi. Misimbo +881, +882 na +883 si ya nchi yoyote. Ni ya satelaiti na mitandao ya kimataifa. Na mara nyingine simu yako haifiki hata kwenye kisiwa hicho: inakatiziwa njiani na kupokelewa na mashine kwingineko, huku bili ikisoma jina la kisiwa.

Hatua ya kwanza: soma namba kabla ya kidole kugusa

Simu za kisasa hupiga kwa mguso mmoja kwenye orodha ya misikoli, na wengi hunaswa hivyo, wakiwa nusu usingizini. Jizoeze kufungua maelezo ya namba badala ya kuigusa moja kwa moja.

Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania huanza na +2556 au +2557, na baada ya 255 kuna tarakimu tisa. Ya Kenya huanza na +2547 au +2541, nayo ina tarakimu tisa baada ya 254. Uganda ni 256, Rwanda 250, Burundi 257, Kongo ya Kinshasa 243. Mpaka hapo tuko kwa majirani. Shida ni kwamba misimbo mingine inafanana na yetu kwa jicho la haraka: 252 ni Somalia, 253 Jibuti, 258 Msumbiji, 248 Shelisheli, 261 Madagaska, 269 Komoro. Mtu anaona "25..." anadhani ni nyumbani.

Sisemi nchi hizo ni za matapeli. Watu wa Unguja wana ndugu Komoro, na wafanyabiashara wa Mtwara wanapigiwa kutoka Msumbiji kila siku. Msimbo unakuambia kitu kimoja tu: simu hii ukiipiga, utatozwa bei ya kimataifa. Kwa hiyo unahitaji sababu ya kuipiga.

Mtego mwingine ni +1. Wengi tunaijua kama Marekani na Kanada, na mwenye ndugu Houston au Toronto huipiga bila kusita. Lakini visiwa vingi vya Karibea navyo viko chini ya +1. Tazama tarakimu tatu zinazofuata: 876 ni Jamaika, 473 Grenada, 268 Antigua na Barbuda, 649 Turks and Caicos, 284 Visiwa vya Virgin vya Uingereza, 664 Montserrat, 809 Jamhuri ya Dominika. Bando lako la kupiga Marekani, kama unalo, huenda lisifike huko.

Hatua ya pili: mwache mwenye shida abebe gharama

Kama namba ni ya nje na huijui, usipige. Hii ndiyo kanuni yenyewe, na mengine yote hapa chini ni nyongeza. Najua inauma, hasa kwa mama ambaye mwanawe yuko Muscat au Doha kikazi na kila namba ngeni inaweza kuwa yeye. Kuna njia za kujua bila kupiga.

Subiri. Mtu mwenye jambo la kweli atapiga tena na kuiacha simu iite, au ataandika. Ikiita tena, pokea. Watu hushangaa nikisema hivi, lakini ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani kupokea simu hakukutozi chochote, hata itoke kisiwa gani. Kinachokula salio ni kupiga. Ukipokea ukakuta kimya, kata. Ukipokea sauti iliyorekodiwa ikikuhimiza upige namba nyingine kuhusu zawadi, mzigo au ajali ya ndugu, kata vilevile.

Kuna hali moja ambapo kupokea nako ni gharama: unaposafiri na laini ya nyumbani. Aliyekwenda Guangzhou kufuata mzigo, au India kumsindikiza mgonjwa, anaweza kutozwa kwa kila dakika ya simu aliyopokea. Ukiwa huko, acha namba ngeni ziite mpaka zikome.

Njia nyingine ni WhatsApp. Fungua mazungumzo yako mwenyewe, yale ya kujitumia ujumbe, iandike namba hiyo nzima pamoja na alama ya kujumlisha, itume, kisha iguse. Utaonyeshwa kama ina akaunti. Kama inayo, andika: "Habari, nimekuta simu yako, wewe ni nani?" Haikugharimu kitu zaidi ya data kidogo. Picha ya mtu mwenye suti haithibitishi lolote, lakini kama ni mwanao amepata laini mpya atajibu kwa namna unayoijua. Muulize jambo ambalo ni yeye tu anayelijua kabla ya kuongea mengine.

Familia zenye watu nje ziwekeane utaratibu mapema: laini ikibadilika, ujumbe unatangulia kwa ndugu mmoja aliyeteuliwa, naye anawajulisha wengine. Bila utaratibu huo, kila namba ngeni itakuwa kitendawili.

Hatua ya tatu: funga mlango wa simu za kwenda nje

Kama hupigi nje kwa simu ya kawaida, na siku hizi wengi wanapiga nje kwa WhatsApp, hakuna sababu laini yako iweze kupiga nje. Mitandao ya GSM ina huduma ya kuzuia simu za kimataifa zinazotoka. Piga *#331# kuona hali yake ilivyo sasa. Kuwasha ni *331* ikifuatiwa na namba ya siri ya huduma hiyo, kisha #. Mitandao mingi huweka 0000 kama namba ya kuanzia, hivyo inakuwa *331*0000#. Kuzima ni #331*0000#. Usichanganye namba hii na ile ya M-Pesa au ya laini, na usikisie mara nyingi, kwa sababu ukikosea mfululizo huduma inaweza kujifunga. Kama haikubali, pigia huduma kwa wateja uombe wafunge wenyewe. Katika simu nyingi za Android jambo hilohilo liko kwenye mipangilio ya programu ya kupigia.

Kizuizi hiki hakigusi simu za ndani hata kama umezihifadhi kwa +255 au +254, na hakigusi WhatsApp. Kwa simu ya mzee asiyeona vizuri, ya mtoto, au ya mezani pale ofisini, naona ndiyo kinga bora kuliko zote, kwa sababu haitegemei mtu kukumbuka ushauri saa nane usiku.

Kuzuia namba moja moja kuna faida ndogo. Tapeli amekodi safu nzima. Kesho tarakimu za mwisho zitakuwa nyingine. Programu kama Truecaller kwenye Android inaweza kuzuia msimbo mzima wa nchi au namba zinazoanza kwa namna fulani, na hiyo ina maana zaidi. Kunyamazisha wapigaji wote wasiojulikana kupo kwenye iPhone tangu 2019, ila kwa maisha yetu sikushauri: bodaboda, muuguzi wa hospitali na mteja mpya wote ni namba ngeni.

Hatua ya nne: punguza kinachoweza kuliwa

Mwenye laini ya malipo ya kabla analindwa na ukomo wa salio lake. Bando nyingi za dakika hazihusu nje, kwa hiyo simu ya kimataifa huingia moja kwa moja kwenye salio la kawaida. Nunua bando, bakiza salio dogo, na usikope kwa Nipige Tafu au Okoa Jahazi ili kurudisha simu usiyoijua.

Mwenye laini ya mkataba hana ukomo huo. Mswahili aliyeko Dubai, Leeds au Minneapolis anaweza kupiga leo na kuujua ukweli bili ikifika. Uiombe kampuni yako iweke kiwango cha juu cha matumizi ya ziada, na kama hupigi nje kwa laini hiyo, wafunge simu za kimataifa kabisa. Weka pia arifa za matumizi ili usisubiri mwisho wa mwezi.

Kama wateja wako ni wageni

Ushauri wa "usipige nje" haumfai mwenye kampuni ya safari Arusha, nyumba ya wageni Paje au duka la vinyago Mombasa. Kwake misikoli ya nje inaweza kuwa familia ya watu sita wanaotaka Serengeti mwezi wa Agosti. Matapeli wanalijua hilo, na wana toleo la pili la mchezo: programu zao hujaza fomu za mawasiliano kwenye tovuti za biashara, zikiacha namba ghali na maombi ya kupigiwa. Mfanyakazi mwadilifu anapiga zote, moja baada ya nyingine.

Anza na fomu yenyewe: iwe na barua pepe ya lazima, na jibu la kwanza liende huko. Mteja wa kweli atajibu barua. Kwa misikoli, andika WhatsApp kwanza, kwa Kiingereza cha heshima, ukitaja jina la biashara na saa ambazo mteja anaweza kukupigia. Linganisha msimbo na soko lako: kama wageni wako wanatoka Ujerumani, Uingereza na Italia, ombi la ghafla kutoka kisiwa cha Pasifiki lisubiri maelezo. Na kama ni lazima kupiga, tenga laini moja ya malipo ya kabla kwa kazi hiyo, yenye salio la kuhesabika, au tumia programu ya kupiga kwa intaneti inayoonyesha bei ya dakika kabla hujaunganishwa. Bei ikitokea kuwa mara nyingi zaidi ya ile ya kupiga London, umepata jibu lako. Simu nyingine zote za ofisi zifungwe kwenda nje, hasa zile za mapokezi zinazoachwa peke yake usiku.

Misikoli ya WhatsApp ni mchezo mwingine

Namba ya +62 ya Indonesia au +84 ya Vietnam ikikupigia WhatsApp, kupiga tena hakuli salio, kwa sababu simu hiyo haipiti kwenye ada za kufikisha. Kwa hiyo lengo si dakika zako. Mwaka 2023 wimbi kubwa la simu kama hizo liliikumba India, namba zikiwa na misimbo ya Indonesia, Vietnam, Malaysia, Ethiopia na hata Kenya. Anayejibu huahidiwa kazi rahisi ya mtandaoni: penda video, upate pesa. Malipo madogo ya mwanzo huja kweli. Kisha unaombwa kuweka "dhamana" ili upande daraja, na hiyo hairudi.

Juni mwaka huohuo WhatsApp iliongeza uwezo wa kunyamazisha wapigaji usiowahifadhi. Uko kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya simu. Hapa, tofauti na simu ya kawaida, naushauri. Simu bado itaonekana kwenye orodha, ila haitaita.

Onyo lenyewe linapodanganya

Kwenye magrupu huzunguka ujumbe mrefu wa kuonya usipokee wala kupiga namba za +375, +371, +381 na nyinginezo, ukidai kwamba ukipiga wananakili majina yako yote kwa sekunde tatu pamoja na taarifa za benki. Baadhi ya matoleo yake yametaja +255, yaani Watanzania wote! Kupiga simu ya kawaida hakunakili chochote. Hakufungui M-Pesa wala Airtel Money. Kunakula salio, basi. Ujumbe huo pia hutisha watu wasibonyeze #90 wala #09 wakiombwa na mpigaji. Kisa hicho kilihusu mitambo ya zamani ya simu za ofisini, si simu yako ya mkononi.

Msimbo wa kuogopa kweli hautajwi humo. Mtu akijifanya huduma kwa wateja na kukuambia ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani kisha #, anahamishia kwake simu zako zote, zikiwemo zile za kuthibitisha akaunti. Kuangalia kama umehamishwa, piga *#21#. Kufuta uhamisho wote, piga ##002#.

Ukiwa umeshapiga

Kata mara moja. Kuna dalili moja ya kuitazama ukiwa bado hewani: sekunde kwenye kioo. Simu ikiwa bado inaita kweli, saa ya muda haijaanza kuhesabu. Ukisikia mlio wa kuita huku sekunde zinakimbia, simu ilishapokelewa na mlio huo ni rekodi ya kukubakiza. Ndivyo pia muziki, "tafadhali subiri", au sauti ya mtu anayejifanya hasikii vizuri na kukuomba urudie.

Angalia salio. Piga picha ya kioo yenye namba, saa na muda wa simu. Kisha wapigie huduma kwa wateja. Kwa Tanzania na kwa Safaricom ya malipo ya kabla ni 100. Waombe waizuie namba hiyo na waulize kama kuna simu nyingine zilizotozwa. Salio lililoliwa ni nadra kurudi, kwa sababu kwa kumbukumbu za mtandao ni wewe uliyepiga. Mwenye laini ya mkataba apinge kipengele hicho kwa maandishi kabla ya tarehe ya kulipa, si baada ya kulipa.

Kama kulikuwa na ujumbe wa maandishi, Tanzania unaupeleka 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa taarifa za utapeli. Mteja wa Safaricom anaupeleka 333.

Siku chache baadaye anaweza kukupigia mtu mwenye sauti ya ofisini, akisema ameona malalamiko yako na anataka kukurudishia salio, akuombe tu namba ya siri au uthibitishe muamala mdogo. Mtandao hauhitaji namba yako ya siri ili kukuwekea salio. Kata, na wapigie mwenyewe 100.